Moyo na Chakula Chake

Katika viungo vyote vya mwili hapana mtumishi aushindaye moyo kwa uaminifu. Mkono huchoka ukawekwa pajani. Jicho husinzia likafumbwa. Ulimi hunyamaza hata ukadhaniwa umesahau kusema. Moyo peke yake hauna siku ya mapumziko. Hupiga mara 100,000 hivi kwa kila usiku na mchana, tangu mtu hajazaliwa mpaka pumzi yake ya mwisho, bila ya kusifiwa wala kuulizwa hali. Lugha ya Kiswahili imeupa heshima kubwa: mtu hupiga moyo konde, huvunjika moyo, hutiwa moyo, na mwenye huruma husemwa kuwa ana moyo mwema. Lakini katika heshima zote hizo ni nadra kuulizwa swali moja dogo ambalo ni haki ya kila mtumishi. Mwungwana amtumikishaye mtu humwuliza amekula nini. Ni nani auulizaye moyo?

Swali hilo lina uzito mkubwa kwa mtu ambaye moyo wake umeanza kushindwa. Kushindwa kwa moyo si kusimama kwa moyo, kama wengi wadhanivyo. Ni hali ambayo moyo hupiga, tena pengine hupiga mbio, lakini hautoshi kuisukuma damu kwa kadiri mwili uitakavyo. Damu ikikawia njiani, maji hutoka katika mishipa yakatuama: miguuni mtu akavimba, tumboni akajaa, mapafuni akatweta. Mgonjwa hupanda ngazi chache akahema kama aliyebeba gunia la nazi. Usiku hawezi kulala chali. Hupanga mito mitatu nyuma ya mgongo akangojea alfajiri akiwa ameketi. Sababu zake ni nyingi. Shinikizo la damu lisilotibiwa ni moja. Milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya utotoni ni ya pili. Mishipa ya moyo iliyoziba ni ya tatu. Na misuli ya moyo iliyolegea yenyewe ni ya nne. Uchunguzi uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na kutangazwa mwaka 2014, uliwatazama wagonjwa 427 wa namna hii. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na sababu iliyozitangulia nyingine zote ilikuwa shinikizo la damu. Umri huo si wa kukaa barazani kungojea mwisho. Ni umri wa mtu mwenye watoto shuleni, shamba lisilokwisha kulimwa, na deni lisilokwisha kulipwa.

Pamoja na sababu hizo kubwa ipo nyingine ndogo, ambayo kwa udogo wake husahauliwa. Nayo ni upungufu wa vitamini. Kati ya vitamini zote, ile iliyofungamana na moyo kwa kamba fupi zaidi ni thiamini, ambayo pia huitwa vitamini B1. Mwanamume mzima huhitaji miligramu 1.2 tu kwa siku, na mwanamke miligramu 1.1. Kiasi hicho ni kidogo hata kikiwekwa juu ya ukucha hakionekani sawasawa. Mwili nao hauna ghala kubwa la kukiweka. Akiba yake yote ni miligramu 30 hivi, na mtu asipoipata katika chakula, akiba hiyo huisha kwa majuma mawili au matatu. Wahenga waliposema kuwa haba na haba hujaza kibaba hawakuwa wakifikiria vitamini, lakini maneno yao yanaitosha vizuri. Na kinyume chake ni kweli vilevile, kwa kuwa haba na haba ndiyo hukitoa kibaba kikabaki kitupu.

Kazi ya thiamini yaweza kufahamika kwa mfano wa jikoni. Wanga na sukari ni kuni za mwili. Kuni hizo hukatwa vipande vidogo kwanza, kisha hutiwa katika jiko la ndani ambamo nguvu hupatikana. Thiamini ni mmoja wa wale wafunguao mlango wa jiko hilo. Ikikosekana, kuni hurundikana uani, huoza zikageuka tindikali, na jiko likapoa. Kwa hiyo mtu aweza kushiba wali hata akafungua mshipi, na moyo wake ukafa njaa ndani ya kifua. Tena kadiri alavyo wanga mwingi, ndivyo thiamini ihitajiwavyo zaidi. Huu ni msiba wa ajabu: shibe yenyewe huzidisha njaa.

Msiba huo ulipewa jina katika nchi za Asia zilao mchele. Uliitwa beriberi. Ulikuja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ilikuwa kavu: miguu hufa ganzi, nyama ya mwili hukauka, na mgonjwa hutambaa mwisho asiweze kusimama. Sura ya pili ilikuwa ya maji, na hii ndiyo iliyoushika moyo. Mishipa midogo ya mwili hulegea ikafunguka mno. Damu hurudi moyoni kwa haraka kuliko desturi. Moyo, ambao nao umenyimwa nguvu, hulazimishwa kufanya kazi maradufu. Figo nazo huzuia chumvi na maji kana kwamba mwili una kiu. Basi mtu huvimba, hutweta, na wengine hufa kwa siku chache. Wajapani waliiita shoshin ile namna yake iliyo kali mno iuayo upesi. Tabibu wa Kiholanzi Karel Frederik Wenckebach aliuandikia moyo huo wa beriberi kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1934.

Habari za jinsi sababu ya ugonjwa huo ilivyopatikana zina mafunzo mengi. Mwaka 1882 manowari ya Kijapani iitwayo Ryujo iliondoka kwa safari ndefu ya mafunzo kuelekea New Zealand na Amerika ya Kusini. Ilikuwa na watu 376. Katika muda wa safari hiyo watu 169 waliugua beriberi na 25 wakafa. Tabibu wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, ambaye alikuwa amesoma udaktari London, aliona kwamba wakubwa wa merini waliokula vyakula vya namna nyingi hawakuugua kama mabaharia waliokula mchele mweupe. Aliomba manowari nyingine, Tsukuba, ipelekwe katika njia ileile, lakini mabaharia wake walishwe nyama, maziwa, mkate na mboga. Tsukuba iliondoka mwaka 1884. Iliporudi, wagonjwa walikuwa wachache tu, na hakufa hata mmoja kwa beriberi. Baada ya hapo jeshi la majini lilichanganya shayiri na mchele, na ugonjwa ukatoweka katika manowari zake.

Takaki alidhani kwamba kilichopungua ni ile sehemu ya chakula ijengayo nyama ya mwili. Alikosea katika sababu, lakini alipatia katika tendo. Jeshi la nchi kavu lilifanya kinyume chake. Matabibu wake, miongoni mwao Mori Ogai, ambaye Japani inamhesabu katika waandishi wake wakubwa, walikuwa wamejifunza Ujerumani kwamba maradhi huletwa na vijidudu. Elimu hiyo ilikuwa ya kweli katika maradhi mengi, nao wakaishika kwa kila ugonjwa. Waliidharau habari ya chakula kwa kuwa haikuwa na maelezo yaliyokamilika. Katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 na 1905 askari wa nchi kavu walikula mchele mweupe. Inakadiriwa kwamba zaidi ya 200,000 waliugua beriberi, na 27,000 hivi wakafa. Mwenye elimu na asiyekuwa nayo wote hukosea. Lakini kosa la mwenye elimu husafiri mbali zaidi, kwa sababu lina farasi wa kulipanda.

Wakati huohuo, katika kisiwa cha Java kilichokuwa chini ya Uholanzi, tabibu Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu cha beriberi katika mji wa Batavia, ambao sasa huitwa Jakarta. Alifuga kuku kwa majaribio yake. Siku moja kuku wakaanza kuyumba, miguu ikalegea, wakaanguka. Alidhani amekipata alichokitafuta. Halafu kuku wakapona bila ya dawa. Alipopeleleza aliambiwa kwamba kwa muda fulani kuku walilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa raia wali wa askari. Kwa choyo cha mpishi huyo kuku walirudishiwa mchele usiosuguliwa, wakapona. Rafiki wa Eijkman, Adolphe Vorderman, aliyekagua afya katika kisiwa hicho, akazipeleleza gereza 101 za Java. Katika gereza zilizolisha mchele mweupe, mfungwa 1 katika kila 39 aliugua beriberi. Katika zile zilizolisha mchele wenye ngozi yake nyekundu, hakuugua hata 1 katika 10,000.

Eijkman aliendelea kwa muda kudhani kwamba ndani ya mchele mweupe mna sumu, na kwamba ngozi ya mchele ni dawa ya sumu hiyo. Aliyeona vizuri zaidi ni mwenzake aliyemfuata, Gerrit Grijns, ambaye mwaka 1901 alisema kwamba hapana sumu: kuna kitu kinachohitajiwa na mwili, nacho hutupwa pamoja na pumba. Mwaka 1912 Casimir Funk alivipa vitu vya namna hiyo jina ambalo limekuwa vitamini. Mwaka 1926 Jansen na Donath, katika Batavia hiyohiyo, walizipata chembe safi za kitu chenyewe kutoka katika pumba. Na mwaka 1936 Robert Williams alifaulu kukitengeneza. Eijkman alipewa nusu ya tuzo ya Nobel ya mwaka 1929. Grijns hakupewa.

Jambo la kutazamwa hapa ni ule mchele mweupe wenyewe. Zamani mchele ulitwangwa kwa kinu na mchi, na mikono ya mwanamke, hata ikiwa na nguvu namna gani, huacha ngozi kidogo juu ya punje. Wali wake haukuwa mweupe kama karatasi, na wageni wa heshima hawakupenda kuandaliwa huo. Mitambo ilipokuja ikafanya kwa saa moja kazi ya mitwango ya siku nyingi, na mchele ukang'aa. Kila mtu aliufurahia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kile kilichosuguliwa kikaliwa na ng'ombe na kuku, na kilichobaki kikaliwa na watu. Mahindi yana habari iyo hiyo katika Afrika ya Mashariki. Dona ni unga wa punje nzima, na sembe ni unga uliokobolewa. Dona ina sehemu kubwa ya vitamini zake, na sembe imezipoteza nyingi. Lakini katika nyumba nyingi dona ni chakula cha shida na sembe ni chakula cha fahari. Na hata mchele uliobakiwa na kitu kidogo huoshwa mara nne au tano, na maji yake, ambayo thiamini huyeyuka ndani yake upesi, humwagwa uani.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo yamepita, kwamba beriberi ni ugonjwa wa manowari na gereza za kale. Haukupita. Mwaka 2003, nchini Israeli, watoto wachanga walionyweshwa maziwa ya soya yaliyotengenezwa bila ya thiamini waliugua beriberi, na baadhi yao wakafa; wala wazazi wao hawakuwa maskini wala wajinga. Zaidi ya hayo, umetokea mlango mpya ambao vitamini hiyo hutokea, na mlango huo umewekwa mahali ambapo hakuna aliyeutazamia: umewekwa katika matibabu ya moyo yenyewe.

Tangu miaka ya 1960 wagonjwa wa moyo wamepata dawa ya furosemidi, ambayo watu wengi huiita dawa ya maji au dawa ya kukojoa. Ni dawa ya baraka. Aliyekuwa akizama katika maji ya mwili wake mwenyewe huimeza, na kwa saa chache huanza kuyatoa. Kabla ya dawa za namna hii matabibu waliwatoboa wagonjwa miguu ili maji yachuruzike. Lakini figo hazina mikono ya kuchagua kila kitu. Maji yanapotoka kwa wingi hutoka na chumvi, na potasi, na magnesi. Na thiamini, kwa kuwa huyeyuka katika maji, hutoka nayo. Uchunguzi wa Israeli wa mwaka 1991 uliwapima wagonjwa 23 wa moyo waliokuwa wakimeza dawa hiyo kwa kiasi kikubwa, na 21 kati yao walionekana kuwa na upungufu wa thiamini. Wachunguzi wengine waliofuata wamepata hesabu nyingi zinazotofautiana sana, kwa kuwa wagonjwa si wa namna moja na vipimo si vya namna moja. Lakini kwa jumla wameona kwamba upungufu huu ni mwingi zaidi kwa wenye moyo dhaifu kuliko kwa wazima. Dawa nayo haibebi lawama peke yake. Mgonjwa wa moyo hana hamu ya kula. Tumbo lake limevimba, na utumbo wake haupokei chakula vizuri. Akiwa mzee hula kidogo zaidi. Akiwa mlevi hupoteza zaidi. Na akiwa maskini hula namna moja ya chakula kila siku.

Ilitokea kwa fundi mmoja wa mashua wa Pangani, mwenye umri wa miaka 61, ambaye moyo wake ulidhoofishwa na shinikizo la damu. Alipotoka hospitali uvimbe wa miguu ulikuwa umekwisha, na aliagizwa mambo mawili: asiache dawa, asile chumvi. Watu wa nyumbani kwake walimpenda, na kwa kumpenda waliongeza maagizo ambayo hayakutolewa na tabibu. Jirani alisema kwamba kunde humjaza mgonjwa hewa, kunde zikaondolewa. Mwingine alisema samaki huichafua damu, samaki akaondolewa. Nyama ikakatazwa, na mboga isiyo na chumvi mzee mwenyewe akaikataa. Ikabaki sahani ya wali mweupe asubuhi na jioni, na chai ya rangi mchana. Miezi ikapita. Miguu haikuvimba tena, lakini nyayo zilimwaka moto usiku na kufa ganzi mchana, na mkono uliozoea randa na tezo ukawa hauwezi kushika bilauri.

Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam alikuja kumtazama akahuzunika. Alileta chupa ya vidonge vya vitamini aliyoinunua kwa fedha nyingi. "Baba," alisema, "maji hayo unayoyatoa usiku na mchana ndiyo nguvu zako zinakwenda. Dawa hiyo ndiyo inayokumaliza. Iache, utumie hizi."

Mzee alijibu, "Mwanangu, wewe umesoma." Akaiacha.

Kijana huyo alikuwa amesema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni mashua yenye ubao mmoja pungufu. Siku ya sita miguu ilijaa. Usiku wa nane mzee hakuweza kupumua, akapakiwa katika gari akiwa ameketi, amemwegemea mkewe. Hospitali walimrudishia dawa ileile ya maji, na asubuhi alipopata pumzi tabibu, mwanamke kijana, alikuja kando ya kitanda chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Dawa zako nimeziona. Sasa nieleze, nyumbani unakula nini?"

Mzee alinyamaza. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na tabibu. Mkewe ndiye aliyejibu, akaeleza habari za wali na chai, akifikiri kwamba atasifiwa kwa uangalifu wake. Tabibu hakumcheka wala hakumkemea. Alisema, "Mama, umemtunza kwa mapenzi. Lakini chumvi ndiyo iliyokatazwa, chakula hakikukatazwa." Akamgusa mzee nyayo kwa kipande cha pamba, naye hakukisikia. Akaagiza sindano za thiamini kwa siku kadhaa. Kisha akaeleza, polepole, mambo mawili yaliyotakiwa kwenda pamoja: dawa ya maji isiachwe hata siku moja bila ya shauri la tabibu, na kunde, choroko, mbaazi, samaki, mboga na dona virudi katika sahani, vikiungwa kwa ndimu, kitunguu thaumu na tangawizi badala ya chumvi. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa chai nyingi huzuia thiamini isitumike vizuri.

Mzee hakupona. Moyo wake haukugeuka kuwa wa kijana, wala hakurudi kupigilia misumari katika ubao wa mashua. Lakini baada ya majuma kadhaa ganzi ilipungua, akaweza kwenda kwa miguu yake mpaka pwani, akaketi juu ya gogo, akawaonyesha mafundi vijana mahali wanapokosea. Kwa mtu aliyekuwa akilishwa kwa mkono wa mwingine hilo si jambo dogo. Mwanawe naye aliendelea kuleta fedha, lakini hakuleta tena chupa, alileta mbaazi.

Ni lazima hapa kuzuia mkono usivuke mpaka wa ukweli. Wapo waliosikia habari za upungufu wakafanya haraka kusema kwamba kila mwenye moyo dhaifu apewe vitamini, naye atapona. Majaribio hayakusema hivyo. Ni kweli kwamba beriberi ya moyo, ikitambuliwa mapema, hugeuka kwa thiamini ndani ya saa au siku chache, na ni machache maradhi ya moyo yanayogeuka upesi kiasi hicho. Ni kweli pia kwamba majaribio madogo ya mwanzo kwa wenye kumeza dawa za maji yalionyesha moyo kupata nguvu kidogo. Lakini jaribio la Kanada lililotangazwa mwaka 2019, ambalo wagonjwa 69 wasiolazwa hospitali walifuatwa kwa miezi sita, nusu wakipewa thiamini na nusu kidonge kisicho na kitu, halikuona tofauti katika nguvu za moyo. Vitamini D nayo imekuwa na historia ya namna hiyo. Watu wenye moyo dhaifu huonekana mara nyingi kuwa nayo kidogo. Lakini Ujerumani, katika jaribio la wagonjwa 400 lililotangazwa mwaka 2017, kuwapa vitamini hiyo kila siku kwa miaka mitatu hakukupunguza vifo.

Maana ya hayo ni nini? Maana yake ni kwamba vitamini ni deni, wala si zawadi. Anayedaiwa akilipwa deni lake husimama. Asiyedaiwa akilipwa haongezi kitu. Kumwagia mafuta katika taa iliyojaa hakuzidishi mwanga, bali huchafua meza. Kwa hiyo kazi ya tabibu ni kumtafuta yule anayedaiwa: mzee anayekula namna moja ya chakula, mlevi, aliyetapika siku nyingi, aliyemeza dawa ya maji kwa wingi na kwa muda mrefu, na yule ambaye moyo wake umeshindwa bila ya sababu kuonekana. Huyo thiamini isicheleweshwe kwake, kwa kuwa bei yake ni ndogo na madhara yake ni haba, na kuchelewa ndiko kwenye hasara. Zipo vitamini nyingine zisizotaka kuchezewa hivyo. Mgonjwa anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hana budi kujua kwamba mboga za majani zina vitamini K ambayo hushindana na dawa hiyo. Asiziache zote leo na kuzila kapu zima kesho, bali azile kwa kadiri moja na kumwarifu tabibu wake.

Habari hii ina watu wengi wa heshima ndani yake: wenye tuzo, wenye vyeo, wenye vitabu. Lakini ukiipima kwa haki, utaona kwamba njia ilifunguliwa pia na watu wasioheshimiwa. Mabaharia waliolalamikia shayiri ndani ya bakuli zao, wakaila, wakaishi. Wafungwa wa Java waliolishwa mchele wenye ngozi yake nyekundu, na chakula hicho kikawa kinga yao. Mpishi mchoyo ambaye jina lake halikuandikwa. Wanawake waliotwanga alfajiri na kuambiwa kwamba mchele wao haukutakata. Elimu kubwa iliwapita mara nyingi bila ya kuwatazama, kisha ikarudi kuokota pumba walizokuwa wamezipepeta.

Mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani hahitaji kungoja tuzo wala maabara ili afanye jambo la kwanza. Na aitazame sahani. Kama ni nyeupe asubuhi, nyeupe mchana na nyeupe jioni, na auambie ukweli huo kwa tabibu, bila ya haya wala woga, kama amwambiavyo habari za homa na kikohozi. Mficha maradhi kifo humwumbua. Na njaa ya moyo ni maradhi yanayojificha chini ya shibe.